Andika Kwamba Nilikataa

Kapteni Friesen alitandaza ramani juu ya sleji ya kukokotwa thelujini, akaikandamiza kwa viganja viwili isichukuliwe na upepo, kisha akaita kama mtu anayemwita mhudumu hotelini.

"Sajini! Njoo uone mwenyewe. Picha ya setilaiti, ya juzi tu. Nyeupe kutoka huku mpaka ng'ambo."

Sajini Atuat, kiongozi wa njia, hakuitazama ramani. Ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka barafuni, chusa mkononi, kiatu cha kushoto kimelowa na tayari kimeanza kuganda. Alikuwa amekwenda hatua elfu moja na ushei kutoka ufukweni, juu ya mlango wa bahari ulioganda, akigonga kila baada ya hatua tano. Karibu na pwani barafu ilikuwa imara, unaipiga mara tatu na chuma hakizami. Kule mbele chusa ilizama kwa pigo la pili, na maji meusi yakapanda tunduni yakamfika mguuni.

"Nyeupe ni theluji, afande," alisema. "Na theluji ni blanketi. Mwaka huu imeanguka mapema, barafu imelala chini yake kwenye joto, haikukomaa. Halafu juzi mwezi ulikuwa mpevu. Maji huko chini yanakwenda mbio, yanaila."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatupiti."

Haya, neno lenyewe ndilo hilo. Kwako wewe na mimi ni neno la kawaida, hata mtoto anamwambia bibi yake. Lakini kwa watu wa Nuvuvik, kijiji cha Atuat huko kaskazini, kumkatalia mkubwa kwa mdomo, mbele za watu, ni utovu wa adabu. Huko mtu akikubali huinua nyusi. Akikataa hukunja pua. Basi, yamekwisha, mwenye macho haambiwi tazama. Shida ni kwamba maofisa wa kusini macho yao wameyaazima kwa ramani, hayabaki ya kuangalia sura za watu.

Na Atuat alikuwa analijua hilo kwa gharama. Miaka sita nyuma, mlango wa bahari uleule, ofisa mwingine aliuliza kama njia inapitika. Atuat akakunja pua. Alikuwa amevaa miwani ya theluji, na shali imempanda mpaka machoni, pua yenyewe iko humo ndani. Nani angeiona? Ofisa akangoja kidogo, akaona kimya, akasema vizuri, twendeni. Natsiq, mdogo wake Atuat, alikuwa wa kwanza kwenye msafara. Mashine ya theluji, sleji na Natsiq mwenyewe, vyote vilizama kabla watu hawajapiga kelele. Hata kofia haikuelea.

Ripoti ilikuja baada ya miezi miwili. Ilikuwa na kurasa nyingi, lakini Atuat alikumbuka maneno matano tu: kiongozi wa njia hakuonyesha pingamizi.

Siku ile ile alimwendea Miali, mjane wa Natsiq, kumweleza. "Wifi, nilikataa. Nilikunja pua."

Miali alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Pua? Mume wangu ulimtetea kwa pua?"

Tangu hapo hakumsemesha tena. Mwaka uliofuata akajiandikisha Mgambo, kikosi cha wenyeji ambacho jeshi hukitegemea kuonyesha njia. Akapewa bunduki na fulana nyekundu kama wenzake, akaleta mashine yake na sleji yake kama wenzake, na kila doria aliendesha nyuma ya Atuat bila kumwambia neno. Miaka sita! Kuna watu hukasirika wakasahau, lakini Miali hakuwa mmoja wao. Sasa naye alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, anasikiliza.

"Sajini," Kapteni Friesen alisema, akijitahidi kuwa mpole, "saa nane mchana jenerali na mawaziri wawili watakuwa kwenye kituo cha zamani cha rada, ng'ambo ya pili. Waandishi wa habari pia. Kiangazi kilichopita meli ya kigeni ya kuvunja barafu ilipita mlango huu bila hata kupiga hodi. Tumeutangazia ulimwengu kwamba tunaweza kufika popote kaskazini kwa muda tuliosema. Tukivuka hapa, saa saba na nusu tumefika. Tukizunguka na pwani?"

"Saa kumi na mbili jioni."

"Na bendera inapandishwa saa nane."

"Waipandishe. Kwani hawana mikono?"

Ipili akacheka. Ipili alikuwa mgambo wa miaka sitini na mmoja, mdomo wake haujui likizo. "Wana mikono, dada, ila ina baridi."

Tumtendee haki kapteni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajalala siku tatu, kidevu chake kilikuwa na madoa meupe ya kuungua na baridi, na kila saa simu ya upepo ilimuuliza yuko wapi. Lakini uchovu na cheo vikikaa kwenye kichwa kimoja, akili hupewa kiti cha nyuma.

"Hili si suala la mzaha," alisema. "Nchi hii lazima ilindwe. Ikionekana tupu, wengine wataichukua."

Hapo ndipo alipomchokoza Atuat pabaya.

"Tupu?" Atuat alichomeka chusa kwenye theluji ikasimama. "Afande, mama yangu aliletwa hapa na meli akiwa na miaka sita. Wazazi wake waliambiwa huku kuna nyama tele. Wakashushwa ufukweni kwenye kokoto, na hema la turubai, meli ikaondoka. Walikuja kujua baadaye kwamba serikali ilitaka watu wakae huku, ili nchi nyingine zisiseme ni tupu. Majira ya baridi ya kwanza walitafuna viatu. Mlimsimika mama yangu kama mlingoti! Na hajaanguka. Ana miaka sabini na saba, anakula nyama mbichi ya sili na kuitukana redio kila asubuhi. Bendera unayoikimbilia ilishapandishwa zamani, sisi ndio tunaoishikilia. Usinifundishe kulinda nchi."

Sauti yake ilikuwa imepanda. Wanajeshi kumi na wawili wa kusini walianza kuangalia viatu vyao. Mgambo nao walishtuka, maana hakuna aliyewahi kumsikia Atuat akisema maneno mengi namna hiyo kwa mpigo mmoja, tena kwa mkubwa.

"Sawa," alisema kapteni, na upole wote ukamtoka. "Kama sajini anaogopa, atatuongoza mwingine. Ipili?"

Ipili alishusha shali yake taratibu mpaka kidevuni, kwenye baridi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Akaivua na miwani, isije ikasemwa haikuonekana. Kisha akaikunja pua yake, pua kubwa, ikakunjika kama mlango wa hema.

Kapteni akamgeukia wa pili. Naye akashusha shali, akakunja pua. Wa tatu. Wa nne. Mpaka wa saba hakuna aliyefungua mdomo, na hakuna aliyeificha pua yake.

"Hii ni nini? Mnanifanyia kinyago?"

"Ni hapana, afande," Atuat alimwambia. "Nakutafsiria."

Alibaki Miali. Miali hakushusha shali wala hakukunja kitu. "Mimi mume wangu yuko huko chini," alisema. "Kama una salamu zake, peleka mwenyewe."

Hakumtazama Atuat aliposema hivyo. Wala Atuat hakujidanganya kwamba ametetewa.

Kapteni alikunja ramani kwa hasira mpaka ikachanika pembeni. Akawageukia wanajeshi wake. Jeshi lilikuwa na mashine nne za lenyewe. "Washeni! Tunakwenda wenyewe. Mstari wa njia ninao kwenye kifaa, sihitaji mtu wa kunishika mkono."

Sasa, pwani ile kuna jambo moja. Maji yakijaa na kupwa, barafu ya ufukweni huvunjika na kurundikana, ikawa ukuta wa mabonge, mengine makubwa kuliko nyumba. Mashine haipandi pale. Kuna lango moja tu, wawindaji wamelichonga kwa mashoka, upana wake hautoshi mashine mbili kupishana. Anayetaka kushuka baharini na chombo atapita hapo au atarudi nyumbani.

Mashine za jeshi zilikuwa bado zinakohoa Atuat alipowasha ya kwake. Ilikuwa mali yake, wala si ya serikali; aliinunua kwa ngozi za sili na vibarua vya shuleni wakati wa likizo. Aliiingiza langoni, akaikata kona ikakaa mkingamo, sleji yake ikaziba pengo lililobaki. Akazima. Akatoa ufunguo, akavua kiatu cha kushoto kilichoganda, akautumbukiza humo, akakivaa tena. Halafu akakaa juu ya mashine na kumimina chai.

Kapteni alikuja kwa miguu, theluji ikilia chini ya viatu.

"Ondoa hiyo mashine."

"Hapana."

"Ni amri, sajini."

"Nimesikia. Hapana."

"Nitakuvua cheo!"

"Cheo vua. Njia hapana."

"Unajua ninaweza kuwaamuru hawa waisukume pembeni, na wewe ukiwa juu yake?"

"Waamuru." Atuat alikunywa funda moja, tone la chai likadondoka kwenye kidole cha glavu likaganda hapohapo. "Mimi nina miaka hamsini na miwili. Mara moja nilikaa kimya hapa, na nimeshalipa. Leo utanisikia. Ukinitoa mimi nitalala chini, ukinifunga nitapiga kelele, na kila askari wako atajua aliambiwa. Nasema kwa mdomo, afande. Kwa mdomo! Barafu hii haipitiki, na mimi, Atuat, nimekataa."

Kapteni aliwageukia wanajeshi. Aliyekuwa mbele alikuwa koplo mmoja, jitu la mabega, mtoto wa wakulima wa ngano huko kusini. Koplo alikuwa hamtazami kapteni. Alikuwa anatazama kile kiatu cha Atuat, barafu nyeusi imekizunguka mpaka kwenye kifundo.

"Afande," alisema, "mimi kuogelea sijui."

Hakuna aliyecheka, hata Ipili. Mwenzake wa nyuma akazima mashine, kisha wa tatu akazima, na pwani ikarudi kimya.

"Tunazunguka," kapteni alisema mwishowe, kwa sauti iliyokauka. "Na wewe utajibu mbele ya jenerali."

Wakazunguka. Njia ya pwani ni ndefu na ya taabu, mara sleji inapinduka, mara kamba inakatika, na upepo unakuja wa uso. Atuat alikuwa mbele. Aliwaza cheo chake, na aliumia, asije mtu akasema hakuumia. Miaka kumi na nane Mgambo, na mistari ile mitatu begani ndiyo kitu pekee ambacho mama yake aliwahi kuwaonyesha wageni. Aliwaza pia kwamba huenda amekosea, huenda barafu ingewabeba, na ataitwa mwoga mpaka anakufa. Halafu akajiambia, basi niitwe. Bora mwoga mwenye watu ishirini na mmoja walio hai.

Saa kumi jioni walifika juu ya rasi, mahali unapouona mlango wote wa bahari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kapteni akanyoosha mkono, msafara ukasimama.

Katikati kule, palepale mstari wa ramani ulipopita, ulisimama moshi. Moshi mrefu wa kijivu, wa maji wazi yanapokutana na baridi kali. Chini yake palikuwa na weusi, na weusi huo ulikuwa mpana kuliko kijiji cha Nuvuvik. Kapteni alitoa darubini. Alitazama kwa muda mrefu sana, akashusha, akatazama tena. Koplo wa ngano alivua kofia yake akairudisha, hata yeye hakujua kwa nini.

"Loo," Ipili alisema. "Setilaiti imevuja."

Kapteni aliirudisha darubini mfukoni. Alirudi kwenye mashine yake na msafara ukaendelea.

Kituo cha rada walikifikia jua linazama. Ndege ya mawaziri ilikuwa imeshaondoka na waandishi wake. Bendera ilikuwa juu, imepandishwa na wapishi wawili, mmoja bado ana aproni, na picha hiyo ilikuwa imeshafika magazetini. Jenerali aliwapokea ndani ya jumba la bati, amesimama mbele ya jiko la mafuta. Pembeni yake luteni alikuwa mezani na daftari la kumbukumbu, kalamu mkononi.

"Saa nne na dakika kumi za kuchelewa," jenerali alisema. "Kapteni, nieleze kwa neno moja."

Kapteni Friesen alisimama wima. Alimtupia jicho Atuat, mara moja tu, na katika jicho hilo hapakuwa na uadui.

"Mashine, mkuu. Mbili zilikufa njiani. Hali ya hewa nayo haikuwa nzuri."

Luteni akaanza kuandika.

Atuat alielewa papo hapo. Alikuwa anasaidiwa. Mtu huyu alikuwa amemeza aibu yake kimya kimya na kumfunika yeye, na mistari yake mitatu ingebaki begani. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza. Kunyamaza alikuwa bingwa. Angeweza kuota moto, akanywa supu, akarudi kwa mama yake sajini vilevile.

Na mwakani angekuja kapteni mwingine na ramani nyingine, afungue daftari, asome kwamba mashine ni mbovu, basi alete mashine mpya.

"Si kweli, mkuu," alisema.

Ipili aliyekuwa anang'oa barafu kwenye masharubu aliacha.

"Mashine ni nzima. Kapteni alitaka kuvuka mlango wa bahari. Mimi nilikataa, nikamzibia njia kwa mashine yangu."

Jenerali alimgeukia polepole. "Unajua kukataa amri ni nini, sajini?"

"Najua. Ndiyo maana nataka iandikwe."

"Kapteni, anasema kweli?"

Kapteni alikuwa anatazama mbele, taya limekaza. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

"Afande Friesen," Atuat alimwambia, "sisi tukikaa kimya nyie mnaandika tumekubali. Wewe ukikaa kimya tuandike nini?"

Damu ilimpanda kapteni usoni mpaka yale madoa ya kidevu yakaonekana wazi. "Alikataa, mkuu," alisema. "Alikataa mara kadhaa. Na tulipofika rasini niliona maji wazi kwenye mstari wangu."

Jenerali alilikuna sikio. Alikuwa mtu mzima, na mtu mzima anajua hesabu ya majeneza ikoje. Lakini alikuwa pia jenerali, na mbele yake walikuwa wamesimama wanajeshi kumi na wawili walioona amri ikikataliwa. "Umewaokoa watu, sikatai," alisema. "Lakini sajini wa kuzuia msafara wa jeshi sina mahali pa kumweka. Cheo utakiacha hapa leo."

"Nitakiacha. Aandike kwanza."

Luteni alikata mstari wa mashine na hali ya hewa, akaandika, akasoma kwa sauti. Sajini Atuat alionyesha pingamizi.

"Sikuonyesha," Atuat alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Nilisema. Andika alikataa kwa mdomo. Andika jina la mahali, na mapigo mawili ya chusa, na maji yalinifika mguuni. Andika ili mjinga yeyote akisoma aelewe."

Luteni alimtazama jenerali. Jenerali akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikaandika, na Atuat akasimama juu yake neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho. Ndipo alipoivua ile mistari mitatu kutoka kwenye koti, akaiweka juu ya daftari, akatoka nje.

Miali alimfuata. Alikwenda kwenye sleji yake, akaanza kufungua turubai ili washushe nyama ya sili ya chakula cha jioni. Atuat alitaka kupita, kama walivyozoea miaka yote ile.

"Kumbe ulikuwa unaweza," Miali alisema.

Atuat alisimama. "Nilikuwa naweza, wifi. Niliogopa. Siku ile nilimwogopa mwenye cheo kuliko nilivyoyaogopa maji."

Miali alilia bila kutoa sauti, muda mrefu, uso ameugeuzia kwenye mzigo. Kisha akajifuta kwa nyuma ya glavu na kumrushia mwenzake ncha ya kamba.

"Shika huko," alisema. "Mimi peke yangu siwezi kuinua."